Mizani, Daftari na Ubaguzi wa Rangi



Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya chama chetu kikuu, twaomba ruhusa tutoke kidogo katika hesabu za mavuno. Twauliza: ni kitu gani kilichowawezesha watu wanyonge kusimama mbele ya utawala uliowapima kwa rangi ya ngozi zao? Wengi hujibu kwamba ni ushujaa. Hatubishi, walakini ushujaa ulikuwapo tangu Vita vya Maji Maji vya 1905. Kilichoongezeka baadaye ni fedha ya pamoja, na daftari lililoandikwa na mtu aaminiwaye.

Hapa Mpanda reli ilifika mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, wala si kwa ajili ya mkulima. Kwa hiyo mifano ya wakulima yatubidi tuitafute kwa jirani zetu.

Mwaka 1951 Serikali ya Kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ili nchi ile wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru hawakushika silaha. Walichanga. Watu waliokwisha kunyang'anywa mashamba walitoa fedha hata wakaweza kumpeleka Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton wa Bermuda, kusema mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York, mwaka 1952. Maana Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu, na ardhi haikurudi wakati ule. Hata hivyo Kirilo aliporejea alizunguka nchini akieleza aliyoyaona, na watu wakafahamu kwamba Gavana naye ana mahali pa kushtakiwa.

Mfano wa Jimbo la Ziwa watugusa zaidi, kwa kuwa ulianzia penye mizani. Mkulima wa pamba alikuwa akileta mzigo wake kwa mnunuzi, ambaye mara nyingi alikuwa Mhindi mwenye leseni na mtaji, naye hakuwa na njia ya kujua kama uzito aliotajiwa ni wa kweli. Tusiwahukumu Wahindi wote kwa kosa hilo: sheria na mpango wa biashara ndivyo vilivyompa kila mtu ngazi yake kwa rangi, na Mwafrika akawekwa chini. Wakulima walifanya nini? Waliajiri wapima mizani wao wenyewe, wasimame pale pale pamba inapopimwa. Jambo dogo kabisa! Lakini mtu aliyezoea kuinamisha kichwa sasa aliweza kusema, "Rudia kupima," na mwenzake yupo na kalamu mkononi.

Kutokana na hayo, Paul Bomani na wenzake waliunganisha vyama vya msingi, na mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria likazaliwa. Tukumbuke kwamba TANU, iliyoanzishwa 1954, ilikatazwa kufanya kazi katika jimbo lile mpaka 1958. Chama cha siasa kilifungiwa mlango, lakini mikutano ya pamba iliendelea, na humo watu walijifunza kuchagua viongozi, kuwauliza maswali na kuwaondoa. Mwaka huo huo wa 1958, Serikali ilipotaka kuwawekea watu wa Geita baraza la mataifa mchanganyiko wasilolitaka, maelfu walikwenda Mwanza kwa miguu kulikataa. Hatudhani kwamba watu wasiowahi kukutana wangeweza kutembea pamoja namna ile.

Habari hizi tumezichagua kwa sababu yapo manung'uniko, na baadhi yake ni ya haki. Wanachama kadhaa wauliza kwa nini makato ya chama yaendelee, na kwa nini mpima mizani alipwe hata msimu mbaya. Jambo hili litaamuliwa na Mkutano Mkuu, si na ofisi. Hesabu zote za miaka 10 zimewekwa mezani katika ofisi yetu ya Majengo. Kila mwanachama aje na kadi yake, azisome, na asiyejua kusoma aje na mtoto wake wa shule.