Pezi Lililovunjika: Historia ya Jina na Funzo kwa Wafasiri

Mwaka 1802, huko Paris, mtaalamu Lacépède alichapisha maelezo ya samaki ambaye asili yake ni mito ya Marekani Kaskazini. Sampuli yake ilikuwa na kasoro: sehemu ya pezi la mgongoni ilikuwa imevunjika, na kipande kilichosalia nyuma kikaonekana kama pezi la pekee. Basi akaunda jina Micropterus, yaani "pezi dogo" kwa Kiyunani. Baadaye kosa lilitambulika. Lakini kwa kuwa kanuni ya wanasayansi hulipa heshima jina lililotangulia, jina hilo latumika hata leo.

Walowezi wa Kiingereza nao walimpa samaki huyo jina la besi, ambalo kwao lilikuwa la samaki mwingine wa bahari ya Ulaya.

Wavuvi humtambua kwa mwenendo wake. Wakati wa baridi kali hutulia vilindini, wala hali sana. Mwanzoni mwa majira ya kuchipua, maji yafikapo nyuzi 10 hivi za Sentigredi, huanza kutoka kutafuta chakula. Yakaribiapo nyuzi 15, dume husafisha kiota kwenye kokoto kwa mkia wake. Siku hizo za maji kupata joto ndizo wavuvi wazingojeazo.

Mfasiri wa habari hizi hukabiliwa na mitego miwili. Wa kwanza ni kuyaita majira hayo masika. Ni kweli kwamba masika yetu, Machi hadi Mei, hukutana nayo katika kalenda. Lakini masika ni mvua, na majira yale ni joto lifuatalo baridi. Msomaji atadhani mvua ndiyo imwamshayo samaki. Wa pili ni kumwita sangara, ambaye ni samaki wa jamaa nyingine kabisa.

Jambo hili si la mbali nasi. Besi mwenye mdomo mpana aliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929, mahali pasipo na majira ya kuchipua.

Kwa hiyo yafaa tuandike "besi", si "basi", lisije likadhaniwa ni gari. Na "majira ya kuchipua", si masika. Lacépède alikuwa na udhuru, kwani pezi alilolitazama lilikuwa limevunjika. Sisi tunaoweza kumwona samaki mzima hatuna udhuru huo.