Kunoa, Kurekebisha na Kuchonga: Historia ya Kuongeza Ufanisi wa Msumeno wa Mnyororo Ikitazamwa kutoka Rusizi II

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya jitihada za kuufanya msumeno wa mnyororo ukate vizuri zaidi, kuanzia miaka ya 1920 hadi sasa, kwa kuitazama kutoka nyanda zinazouzunguka mpaka wa Rusizi II. Hoja kuu ni kwamba hatua kubwa za ufanisi zilitokana na jino na wepesi wa mashine kuliko ukubwa wa nguvu za injini. Aidha, makala yanaonesha kwamba Kiswahili kimehifadhi, tangu zama za msumeno wa mkono, tofauti za maana ambazo ufundi wa kisasa unazihitaji. Yanapendekeza vitenzi vitatu vitenganishwe kiistilahi kwa ajili ya usalama wa mafundi.

1.0 Utangulizi

Rusizi II ni jina la kituo cha mpakani kinachoiunganisha Wilaya ya Rusizi, ambayo wengi bado huiita Cyangugu, na mji wa Bukavu ulio ng'ambo ya mto. Jina hilohilo ni la kituo cha kuzalisha umeme kilichopo upande wa chini wa mto huo, kilichoanza kazi mwaka 1989 chini ya SINELAC, shirika la pamoja la Burundi, Rwanda na nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu, lililo mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuingia Ziwa Tanganyika, lililo chini yake kwa takribani mita 700. Mporomoko huo ndio uliowapa wahandisi umeme. Kwa mtumiaji wa injini ya petroli, hata hivyo, kimo hichohicho kina maana nyingine, nayo ndiyo iliyotufanya tulichague eneo hili kuwa mahali pa kuitazamia historia tunayoijadili.

Sababu ya pili ni ya kilugha. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda. Upande wa pili wa daraja ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mto huu umekuwa mpaka kati ya wanachama wawili wa Jumuiya. Hata hivyo, fundi anayefungua injini hukutana na msamiati wa njia nyingi: petroli ya Dar es Salaam ni lisansi katika Kinyarwanda, na dizeli ni mazutu. Kwa hiyo, swali la nini hasa hufanyika injini "inapoongezwa nguvu" ni la ufundi na la lugha kwa wakati mmoja.

2.0 Jino Kabla ya Injini

Kabla ya mashine, mbao katika misitu mingi ya Afrika Mashariki zilipasuliwa na watu wawili, mmoja akisimama juu ya gogo na mwenzake chini yake shimoni. Kazi hiyo iliacha alama katika lugha. Mti huangushwa, gogo hukatwa, mbao hupasuliwa. Anayekata hupita katikati ya nyuzi za mti kwa kuzivuka. Anayepasua huzifuata kwa urefu wake. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa tofauti hii, kwa kuwa imo ndani ya vitenzi anavyovitumia kila siku.

Tofauti hiyo ndiyo ile ambayo watengenezaji wa minyororo huieleza kwa nyuzi za pembe. Jino la mnyororo wa kukata hunolewa kwa pembe ya takribani nyuzi 30, ilhali la mnyororo wa kupasua hunolewa kwa takribani nyuzi 10. Anayepasua mbao kwa mnyororo wa kukatia magogo hupata ubao wenye mikwaruzo na huichosha injini bure. Na hapo, mara nyingi, lawama huangukia injini.

Historia ya mashine yenyewe inathibitisha ukuu wa jino. Misumeno ya mnyororo ya mwanzo ilikuwa na meno yaliyoiga yale ya msumeno wa mkono: yalikwaruza ubao badala ya kuuchonga, na yalihitaji kunolewa mara kwa mara. Mabadiliko yalikuja kupitia Joseph Buford Cox, mkata miti wa jimbo la Oregon nchini Marekani, aliyemchunguza buu wa mdudu atobaye miti na kuona jinsi taya zake zilivyokula ubao kushoto na kulia. Mwaka 1947 alianza kuuza mnyororo wenye meno yaliyopinda mfano wa taya hizo, na umbo hilo ndilo msingi wa minyororo tunayoitumia hadi leo. Injini haikuguswa, bali kilichobadilishwa ni namna chuma kinavyokutana na ubao.

Hapa methali yetu inatusaidia kuona tofauti. Tunasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa methali hiyo ni ule wa mkono, unaokwenda na kurudi. Mnyororo huzunguka upande mmoja tu, na mbele ya kila jino lake kuna kinundu kinachopima kina cha kuuma. Kinundu hicho kikipunguzwa kidogo kwa tupa, jino huuma zaidi. Kikipunguzwa kupita kiasi, mnyororo hunasa na msumeno unaweza kurushwa ghafla kuelekea kwa mkataji. Kwa hiyo hata kunoa, kazi inayodhaniwa kuwa ndogo, ni kuamua kiasi cha nguvu kinachoweza kumrudia mtu.

3.0 Injini: Kutoka Uzito Hadi Wepesi

Emil Lerp alitoa msumeno wa petroli mwaka 1927 na kuujaribu katika mlima Dolmar, Ujerumani, ambao uliipa kampuni yake jina. Andreas Stihl, aliyekuwa ametoa msumeno wa umeme mwaka 1926, alifuata na wa petroli mwaka 1929. Msumeno huo ulikuwa na nguvu farasi 6 na uzito wa kilo 46, hivyo ulihitaji watu wawili, kama ule wa shimoni. Mwaka 1959 kampuni hiyohiyo ilitoa modeli iliyoitwa Contra: nguvu farasi 6 zilezile, lakini kwa uzito wa kilo 12 hivi. Miaka 30 ya uhandisi haikuongeza nguvu hata kidogo katika mlinganisho huu. Iliupunguza uzito hadi karibu robo, na mtu mmoja akatosha. Kabureta ya kiwambo, isiyotegemea mafuta kutulia ndani ya bakuli, iliiwezesha injini kufanya kazi hata ikiinamishwa ubavu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 breki ya mnyororo ikaanza kutumika, ili kuusimamisha mnyororo pale msumeno unaporushwa nyuma.

4.0 Kimo na Maana ya Kurekebisha

Kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyopungua. Kandokando ya Ziwa Kivu shinikizo la hewa ni takribani asilimia 85 ya lile la pwani. Wilaya ya Rusizi pekee inaanzia bonde la Bugarama, ambako mto hushuka hadi mita 950 hivi, na kupanda hadi upande wa Nyungwe, msitu ambao vilele vyake hufika karibu mita 2,950. Injini iliyopimiwa usawa wa bahari, ikiletwa hapa bila kuguswa, hupata petroli nyingi kuliko hewa inayoweza kuiunguza: hutoa moshi, plagi huwa nyeusi, na mnyororo hulegea ndani ya ubao.

Dawa yake ni skrubu za kabureta, zinazopunguza mafuta hadi yalingane na hewa iliyopo. Hata hivyo, kurekebisha huku hakurudishi hewa iliyopotea. Kunazuia tu hasara ya pili isiongezwe juu ya ya kwanza. Tena kuna hatari ya safari ya kurudi. Injini ya mipigo miwili hulainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya petroli. Aliyepunguza mafuta akiwa juu milimani, kisha akashuka Bugarama bila kugusa skrubu, hupunguza kwa pamoja mafuta ya kuunguza na oili ya kulainisha. Pistoni hupata joto kupita kiasi na kukwama ndani ya silinda. Baadhi ya misumeno ya siku hizi hujirekebisha kwa elektroniki, lakini ile ya zamani, ambayo ingali mikononi mwa wengi, humtegemea fundi na sikio lake.

5.0 Kuchonga Injini

Hatua ya tatu ni ile inayobadilisha umbo la chuma chenyewe. Fundi anaweza kupanua tundu la ekzosi ili moshi utoke upesi. Kuyachonga matundu ya silinda ili hewa ipite kwa wepesi. Kuishusha silinda ili mgandamizo uongezeke. Au kufunga gurudumu la meno 8 badala ya 7, ambalo huongeza mwendo wa mnyororo kwa asilimia 14 hivi iwapo mizunguko ya injini haitashuka. Kila faida hapa ina bei yake. Ekzosi iliyopanuliwa huifanya injini ivute hewa zaidi, hivyo kabureta lazima irekebishwe upya, na kelele huzidi. Tundu la ekzosi likipandishwa juu katika silinda huleta nguvu katika mwendo wa kasi na kuipunguza katika mwendo wa chini, ambao mpasua mbao huuhitaji gogo linapokuwa nene. Mgandamizo ukizidi ubora wa petroli inayopatikana, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake.

Makao halisi ya injini za aina hii ni uwanja wa mashindano. Katika mashindano ya kukata magogo yaliyoanzishwa na kampuni ya Stihl nchini Marekani mwaka 1985, kuna shindano ambalo misumeno iliyoundwa upya hukata vipande vitatu kwa sekunde chache, kisha huzimwa. Mpasua mbao hufanya kazi kutwa nzima. Injini iliyochongwa kwa ajili ya sekunde chache haikuahidi kumfikisha jioni.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia hii inatoa mpangilio ulio wazi: kwanza kunoa, kisha kurekebisha, na mwisho kabisa kuchonga. Tatizo ni kwamba katika mazungumzo yetu yote matatu huingizwa katika kauli moja, "kuongeza nguvu". Kauli hiyo inaficha jambo la msingi: jino lililonolewa vibaya linaweza kunolewa tena, skrubu iliyozungushwa inaweza kurudishwa, lakini chuma kilichochongwa hakirudi. Anayelipa kwa mkanganyiko huo ni kijana anayejifunza kazi kwa kusikiliza, huku kitabu cha maelekezo kikiwa katika lugha asiyoisoma.

Tunapendekeza, basi, kwamba kunoa kubaki neno la jino na kinundu chake. Kurekebisha liwe neno la mabadiliko yanayoweza kurudishwa kulingana na kimo na mafuta. Na kuchonga lichukue maana ya kubadilisha umbo la sehemu za injini. Tofauti ya kukata na kupasua ihifadhiwe katika kila kitabu cha ufundi kitakachoandikwa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ndiyo yenye nafasi ya kuzifikisha istilahi hizi pande zote za mto.

Jambo moja halipaswi kusahauliwa. Msitu wa Nyungwe, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933, uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023, nao si mahali pa msumeno. Mahali pake ni mashamba ya misonobari na mikaratusi yaliyopandwa na watu. Kuongeza ufanisi wa kukata kuna maana pale tu ambapo kuna mti uliopandwa ili ukatwe, na mkataji atakayerudi nyumbani na mikono yake miwili.