Vijana na Wazazi Njiani: Historia ya Safari za Ndani ya China

Familia inayopanga leo kuizunguka China pamoja na watoto wa umri wa sekondari hukuta njia iliyokwisha kuchongwa. Huanza Beijing kwa Kasri la Kifalme na Ukuta Mkuu, hushuka Xi'an kwa jeshi la askari wa udongo, hupita Chengdu kwa panda na Guilin kwa milima ya chokaa iliyosimama kando ya mto Li, na mara nyingi humalizia Shanghai. Njia hiyo huonekana ya kale kwa sababu vituo vyake vingi ni vya kale, lakini yenyewe ina umri mdogo. Askari wa udongo walifukuliwa mwaka 1974, kituo cha panda cha Chengdu kilianzishwa mwaka 1987, na reli za mwendokasi zinazoifunga miji hiyo pamoja zilianza kutandazwa miaka ya 2000. Jambo la mzazi na kijana kufunga safari ndefu kwa ajili ya kutazama tu ni jipya zaidi. Kwa karne nyingi kijana wa Kichina alisafiri akiwa mhujaji, mtahiniwa, mkimbizi au mfuasi wa siasa. Ili aende na wazazi wake kwa kujifurahisha vilihitajika ruhusa, siku za mapumziko na chombo cha kuwabeba, na kila kimoja kilifika kwa wakati wake.

Ruhusa ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko vyote. Mafundisho ya Confucius yalimtaka mwana asiende mbali wazazi wake wakiwa hai, na akilazimika kwenda ajulikane aliko. Dola nayo ilikuwa na sababu zake za kutaka kila mtu ajulikane aliko: kodi, kazi za lazima na hofu ya uasi. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alikuwa ametia nanga Mombasa na Kilwa, alifika bandari ya Quanzhou katika miaka ya 1340 na kuisifu China kuwa nchi salama kuliko zote kwa msafiri. Usalama huo ulikuwa na utaratibu wake. Alieleza kwamba katika kila kituo cha kulala ofisa aliandika majina ya wageni wote jioni, akafunga mlango, na asubuhi akawaita mmoja mmoja kwa majina kabla ya kuwaachia waendelee. Chini ya watawala wa Ming, walioshika nchi kuanzia mwaka 1368, mtu wa kawaida aliyetaka kuvuka li 100 kutoka kwao, yaani zaidi kidogo ya kilomita 50, alipaswa kuwa na cheti cha njia kilichotolewa na wakubwa wa wilaya yake.

Amri hiyo ililegea biashara ilipokua. Mfereji Mkuu, uliounganishwa na wafalme wa Sui mwanzoni mwa karne ya 7 na kufikia urefu wa karibu kilomita 1,800 kutoka Hangzhou hadi Beijing, ulijaa mashua za nafaka, wafanyabiashara na watahiniwa wa mitihani ya serikali. Mwaka 1570 mfanyabiashara Huang Bian alichapisha kitabu cha njia za dola nzima, kikitaja vituo na umbali kati yake. Vitabu vya namna hiyo vilinunuliwa na watu waliokwenda kuuza pamba na chumvi, si kutalii, lakini mtu aliyetaka kuona mlima mtakatifu aliweza kuvitumia vilevile.

Milima mitakatifu ndiyo iliyofundisha China kupokea wageni kwa wingi. Mlima Tai ulioko Shandong ulipokea maelfu ya mahujaji kwa siku, wengi wao wanavijiji waliokuja kwa makundi chini ya kiongozi aliyekusanya michango yao mwaka mzima. Mwandishi Zhang Dai, aliyezaliwa mwaka 1597, aliacha maelezo ya nyumba za wageni za mji wa Tai'an ambayo mtu wa hoteli wa leo angeyaelewa bila kuuliza. Mgeni alilipa ada ya malazi na kodi ya mlima, akapewa daraja mojawapo kati ya matatu. Aliporudi kutoka kileleni aliandaliwa karamu ya pongezi: wa daraja la juu alikaa peke yake mezani akitazama mchezo wa kuigiza, wa kati walikaa wawili wawili, wa chini watatu au wanne kwa meza moja, wakitumbuizwa kwa ala na nyimbo. Biashara ya safari ya kifurushi, ambayo watu wengi huihesabu kuwa uvumbuzi wa Uingereza ya karne ya 19, ilikuwa imekwisha kukomaa hapo.

Msafiri aliyeheshimiwa kuliko wote katika enzi hiyo, Xu Xiake, alizaliwa mwaka 1587 Jiangyin, karibu na mto Yangtze. Aliacha njia ya mitihani na ukubwa serikalini, akatumia zaidi ya miaka 30 kutembea milimani na mapangoni, akiandika jiwe kwa jiwe alichokiona. Wanaomsifu humtaja kama mtu wa upweke, na hapo humpunja mtu mmoja: mama yake. Baba alikuwa amefariki, na kwa mila kijana angebaki nyumbani kumlinda mjane. Mama ndiye aliyemhimiza aondoke, akamshonea kofia ya safari. Mwaka 1624, akiwa na umri wa miaka 80 hivi, alifuatana na mwanawe kwenda kutembelea milima ya jirani ili kumthibitishia kwamba hali yake ilikuwa nzuri na asikatishe safari kwa ajili yake. Ni mojawapo ya safari za mapema za mzazi na mwana kwa ajili ya kutazama tu ambazo maandishi ya China yanazikumbuka. Shajara ya Xu inaanza tarehe 19 Mei 1613, na tangu 2011 siku hiyo ni Siku ya Utalii nchini China.

Reli ilibadili umbali, lakini kwa kusuasua. Reli ya kwanza ya abiria, iliyojengwa na Waingereza mwaka 1876 kati ya Shanghai na Wusong, ilinunuliwa na serikali ya kifalme ya Qing na kung'olewa mwaka uliofuata. Mwaka 1909 ilifunguliwa reli ya Beijing hadi Zhangjiakou chini ya mhandisi Zhan Tianyou, iliyojengwa bila wahandisi wa kigeni, ikipanda milima karibu na Badaling kwa njia ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Kwa hiyo Ukuta Mkuu ukawa safari ya siku moja kutoka mji mkuu. Mwaka huohuo Shanghai iliunganishwa na Hangzhou, na tabaka la kati la Shanghai likapata Ziwa la Magharibi kama mahali pa mapumziko. Tarehe 10 Oktoba 1925, mwaka mmoja baada ya mfalme wa mwisho Puyi kufukuzwa, Kasri la Kifalme lilifunguliwa kuwa makumbusho.

Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kupanga safari. Tiketi za meli na treni zilikuwa mikononi mwa mawakala wa kigeni waliowahudumia wageni kwanza. Mwaka 1923 mwenye benki wa Shanghai, Chen Guangfu, alianzisha idara ya safari ndani ya benki yake. Mwaka 1927 idara hiyo ikawa kampuni kamili, China Travel Service, na kuanza kuchapisha jarida la usafiri. Iliuza tiketi, ikaongoza makundi kwenda kutazama maua ya machipuko na mawimbi ya mto Qiantang, ikafungua nyumba za wageni zilizosifiwa kwa usafi. Wateja wake walikuwa watu wenye nafasi.

Katika miaka hiyohiyo wazo la kumfundisha kijana kwa kumsafirisha lilijaribiwa na maskini. Katika shule ya msingi ya Xin'an mjini Huai'an, iliyoanzishwa na mwalimu Tao Xingzhi aliyeamini kwamba maisha yenyewe ndiyo shule, watoto 7 walisafiri bila mwalimu hadi Shanghai mwaka 1933. Oktoba 1935 mwalimu mkuu Wang Dazhi aliondoka na wanafunzi 14. Walionyesha filamu vijijini, waliimba, waliuza magazeti ili wapate nauli, na vita na Japani vilipowaka safari yao ikawa kazi ya kuamsha watu. Kundi hilo liliendelea kwa miaka 17, likipokea vijana wapya njiani. Somo hilo lilikuwa kali mno kwa watoto, ila hakuna anayeweza kusema lilikuwa la mchezo.

Baada ya Wakomunisti kushika nchi mwaka 1949 ruhusa ikarudi kuwa lango. Sheria ya usajili wa makazi ya 1958 ilimfunga kila mtu mahali alipoandikishwa. Nafaka iliuzwa kwa kuponi, na kuponi za mkoa mmoja hazikukubaliwa katika mwingine, hivyo msafiri alihitaji kuponi za taifa zima, na kuzipata kulihitaji barua ya mwajiri. Barua kama hiyo ilihitajika pia kupata kitanda katika nyumba ya wageni. Familia ilisafiri kwenda kuzika, kuoa, au kuwaona wazee wakati wa mwaka mpya. Shirika la kimataifa la usafiri la China, lililoundwa mwaka 1954, lilishughulikia wageni walioalikwa na serikali.

Ndipo likaja tukio lisilofanana na lolote kabla yake. Tarehe 5 Septemba 1966, Mapinduzi ya Utamaduni yaliyoanzishwa na kiongozi wa nchi, Mao Zedong, yakiwa na miezi michache, serikali ilitangaza kwamba wanafunzi wangefika Beijing bila nauli na kulishwa kwa gharama ya taifa. Mamilioni ya vijana, wengine wa miaka 13 au 14, waliacha shule zilizokuwa zimefungwa, wakajaza mabehewa hadi kulala juu ya rafu za mizigo na chini ya viti. Mao aliwapokea zaidi ya milioni 11 katika mikutano 8 kati ya Agosti na Novemba. Kutoka Beijing wengi waliendelea hadi kijiji alikozaliwa Mao, mlima Jinggang, Shanghai au Guangzhou. Waliotoka vijijini waliona bahari na miji mikubwa kwa mara ya kwanza, bila mzazi. Wapo waliokumbuka baadaye furaha ya kuiona nchi yao; baadhi yao walikuwa wameshiriki kuvunja mahekalu na kuwapiga walimu. Msongamano ule ulisambaza homa ya uti wa mgongo iliyoua watu zaidi ya 160,000 nchini kote kufikia mwaka 1967. Kisha vijana wapatao milioni 17, wengi wao baada ya 1968, walipelekwa mashambani, safari iliyokuwa na tiketi ya kwenda tu.

Mlango ulifunguka upya baada ya 1978. Julai 1979 kiongozi mpya wa nchi, Deng Xiaoping, alipanda mlima Huangshan na kusisitiza kwamba utalii ni biashara inayostahili kukuzwa. Makumbusho ya askari wa udongo yalifunguliwa tarehe 1 Oktoba mwaka huo. Mtalii wa kigeni wa wakati huo alitumia fedha maalumu zilizotolewa tangu 1980 hadi 1994, alilala katika hoteli zilizoruhusiwa kumpokea, na alihitaji kibali cha polisi kwenda miji isiyofunguliwa. Wazazi waliozoea leo kuchagua hoteli yoyote kwa simu hawawezi kukisia jinsi njia ya Beijing, Xi'an, Guilin na Shanghai ilivyopatikana: ilikuwa miji iliyokuwa wazi na yenye vitanda vya kutosha kwa wageni.

Kwa Wachina wenyewe vizuizi viliondoka kimoja baada ya kingine. Kitambulisho cha taifa kilianza kutolewa mwaka 1984 na taratibu kikachukua nafasi ya barua ya mwajiri. Kuponi za nafaka zilifutwa mwaka 1993. Siku za mapumziko zikafuata. Kuanzia Mei 1995 wafanyakazi walipata siku mbili kila mwisho wa wiki, na Oktoba 1999 ikaja wiki ya kwanza ya mapumziko marefu, iliyotoa safari milioni 28. Sera ya mtoto mmoja nayo iliielekeza akiba ya wazazi, na mara nyingi ya bibi na babu wa pande zote mbili, kwa mtoto mmoja. Safari ilihesabiwa kuwa sehemu ya malezi na masomo yake. Mwaka 2003 mtihani wa kuingia chuo kikuu ulihamishwa kutoka Julai hadi Juni, na safari ya kijana baada ya mtihani, pamoja na wenzake au wazazi, ikapata nafasi ndefu kabla ya muhula mpya.

Chombo kilikuja mwisho. Familia za miaka ya 1980 zilikwenda kwa treni za kijani, zenye viti vigumu na vitanda vya ngazi tatu, usiku kucha na pengine siku nzima juu yake. Reli ya Beijing hadi Tianjin ilifungua zama za kilomita 350 kwa saa mnamo Agosti 2008. Beijing na Shanghai, umbali wa kilomita 1,318, ziliunganishwa Juni 2011. Mwezi uliofuata ajali ya Wenzhou iliua watu 40 na kulazimisha mwendo upunguzwe kwa miaka kadhaa. Reli ya Xi'an hadi Chengdu, iliyotoboa milima ya Qinling mwaka 2017, iliipunguza safari ya saa zaidi ya kumi kuwa nne hivi. Kufikia mwisho wa 2024 mtandao ulikuwa na kilomita 48,000.

Wingi wa watu ukazaa utaratibu mpya wa kujiandikisha. Tarehe 2 Oktoba 2012 Kasri la Kifalme lilipokea watu 182,000 kwa siku moja. Mwaka 2015 kikomo kikawekwa kuwa 80,000, na Oktoba 2017 tiketi zikaanza kuuzwa kwa intaneti tu, kwa namba ya kitambulisho au pasipoti. Tiketi za treni nazo zimefungwa na jina la abiria tangu 2012. Sheria ya kulinda watoto iliyoanza kutumika Juni 2021 huitaka hoteli inayompokea mtu wa chini ya miaka 18 kuuliza mawasiliano ya wazazi wake. Na nauli ya mtoto, ambayo kwa miongo mingi ilipimwa kwa urefu kwenye alama iliyochorwa ukutani kituoni, tangu tarehe 1 Januari 2023 hupimwa kwa umri: chini ya miaka 6 husafiri bure akiwa na mtu mzima, wa miaka 6 hadi kabla ya kutimiza 14 hulipa nusu, na kuanzia 14 kijana hulipa kama baba yake.