Kanisa Letu la Kale: Palipoimbwa, Patundikwe Picha



Historia ya kwaya yetu haiwezi kuandikwa bila lile jengo la mawe lililo nyuma ya kanisa jipya. Humo ndimo waanzilishi wetu walimojifunza sol-fa ubaoni na kuimba miaka mingi bila kinanda. Tangu tuhame, limekuwa ghala la viti na masufuria. Mwaka huu wa yubile ushirika una maoni mawili mbele yake: libomolewe tujenge maduka ya kukodisha, au likarabatiwe liwe ukumbi wa kuonyesha michoro, vinyago na ususi wa watu wetu.

Wako wanaouliza kama yafaa nyumba ya ibada kutundikwa picha. Swali hilo ni la zamani. Kule Amsterdam, Uholanzi, liko kanisa liitwalo Oude Kerk, yaani Kanisa la Kale, lililowekwa wakfu mwaka 1306. Mwaka 1566 umati uliingia ukavunja sanamu zake, na mwaka 1578 likawa la Waprotestanti. Mpiga kinanda wake, Jan Pieterszoon Sweelinck, alizitungia Zaburi zote 150 muziki wa kwaya, naye akazikwa humo mwaka 1621. Mwaka 1951 lilifungwa kwa kuhofiwa kuanguka, kisha likakabidhiwa taasisi maalumu na kukarabatiwa. Leo wasanii huonyesha kazi zao humo. Mwaka 2018 Mwitalia Giorgio Andreotta Calò aliyafunika madirisha hata nuru yote ndani ikawa nyekundu. Lakini ibada ya Jumapili ingali inaendelea. Mahali palipovunjwa sanamu, sanaa imerudi, na Zaburi hazijanyamaza.

Kwetu Kenya pia tunayo mifano. Rabai, alikofanya kazi Ludwig Krapf, kanisa la kale la wamishonari sasa ni makumbusho. Na katika kanisa la ukumbusho la Murang'a, Elimo Njau alichora ukutani, miaka ya 1950, maisha ya Yesu katika mandhari ya Kiafrika. Baadaye, mwaka 1965, alishiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi.

Sisi wanakwaya tunauunga mkono ukumbi, kwa masharti matatu: jengo libaki mali ya kanisa, jiwe la msingi lisiguswe, na kwaya iendelee kufanyia mazoezi humo. Kodi ya maduka ingesaidia, hatukatai. Lakini maduka mtaani ni tele, na vijana wetu wenye vipawa vya kuchora hawana hata ukuta mmoja wa kutundika kazi zao. Waliotutangulia walibeba mawe yale kichwani ili sauti zao zipate pa kusikika. Tuwape na watoto hawa pa kuonekana.

Mkutano wa ushirika utakapoitishwa, tafadhali fikeni mpige kura.

Katibu, kwa niaba ya kwaya