Teluri: Madini Yaliyoificha Dhahabu

Mwaka 1782 Franz-Joseph Müller von Reichenstein, msimamizi wa migodi ya Transylvania, iliyokuwa wakati huo chini ya utawala wa Austria, alichunguza mbale ya dhahabu kutoka karibu na Zlatna, ambayo ilidhaniwa kuwa na antimoni. Ilipochomwa ilitoa moshi mweupe wenye harufu ya figili, na katika asidi ya salfuri ilitoa rangi nyekundu. Kwa kuwa dalili hizo hazikulingana na metali yoyote iliyojulikana, alishuku kuwapo kwa elementi mpya, jambo ambalo Martin Heinrich Klaproth alilithibitisha mwaka 1798 alipoipa jina la teluri. Kazi hiyo ya Müller inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa kwa kawaida.

Baadaye teluri hiyo iliwapotosha wachimbaji wa dhahabu. Huko Kalgoorlie, Australia Magharibi, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1893, wachimbaji walizoea dhahabu huru, yaani isiyoungana na elementi nyingine, na kwa hiyo wakatupa kama takataka mawe yenye kalaveriti, madini ya teluri na dhahabu ambayo takriban asilimia 40 ya uzito wake ni dhahabu, lakini ambayo kwa rangi yake ya manjano iliyofifia hufanana na pairiti. Madini hayo yalitambuliwa mwaka 1896. Kipande chake kikipashwa moto mkali, teluri hutoka kama moshi na vitone vya dhahabu hujitokeza juu ya jiwe. Ndiyo maana viwanda vingi vya huko vililazimika kuchoma mbale kabla ya kuitia sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu huru kwa urahisi kuliko iliyoungana na teluri.