Ba'mkubwa alikuwa konda

Basi bwana, Jumamosi moja ya mwezi wa saba mwaka 2024 tulikuwa kijiweni Sinza, jamaa watano, wote tuliomaliza chuo mwaka mmoja. Ni kawaida yetu kila mwisho wa mwezi: mishkaki, ndizi za kuchoma, soda kwa mnywa soda na bia kwa mnywa bia, halafu ubishi. Siku hiyo ubishi ulianzishwa na rafiki yetu anayefanya kazi benki. Gari lake lilikuwa gereji wiki nzima, kwa hiyo alipanda daladala siku tano mfululizo baada ya miaka kadhaa ya kutolijua hata bei ya nauli, na alikuwa na hasira kweli kweli. Konda kamrudishia chenji ya sarafu tupu. Konda kamwita "braza tai". Konda kamkanyaga kiatu na hakuomba radhi. Akahitimisha (huyu bwana hupenda sana kuhitimisha) kwamba watu wa daladala ni wahuni tangu siku ya kwanza, na mji huu ungekuwa mbali kama wasingekuwepo.

Tulicheka, na wengi tukakubali. Na mimi nilikubali, siwezi kuwaficha. Mimi ni yule denti aliyeachwa kituoni miaka sita na sare yake kwa sababu nauli ya mwanafunzi haimlipi konda. Sikuona kwa nini niwatetee.

Kesho yake nikaenda Tandika kumsalimia baba mkubwa. Nilipanda mwendokasi Kimara hadi Gerezani, kisha daladala hadi Tandika, nimesimama njia nzima na mfuko wa machungwa kifuani. Ba'mkubwa ni kaka yake baba, mzee wa miaka sitini, ana duka dogo la vipuri vya pikipiki, mtu wa maneno machache na msikiti. Mama mkubwa alikuwa amepika wali na samaki wa nazi. Tukiwa mkekani, katika kunogesha mazungumzo, nikawasimulia ubishi wa Sinza. Nilidhani watacheka.

Mama mkubwa akamwangalia mumewe. Ba'mkubwa akanawa mkono taratibu, akaufuta, akaniuliza: "Huyo mwenzako anaijua hiyo siku ya kwanza?"

Nikasema nadhani haijui, Ba'mkubwa.

"Mimi nilikuwepo. Nilikuwa konda."

Jamani, ninaandika habari za watu kila siku ya Mungu. Nimewahoji wabunge, wavuvi, wastaafu wanaodai mafao. Na huyu mzee nimekula kwake tangu sijaota meno, nisijue hilo.

Kabla sijafika kwenye kisa chake inabidi nirudi nyuma kidogo, maana bila hivyo hakieleweki. Zamani mabasi ya Dar es Salaam yalikuwa ya kampuni ya Waingereza, Dar es Salaam Motor Transport, ambayo wazee wanaiita DMT tu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mambo mengi yalihamia mikononi mwa umma, na DMT ikataifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 ikagawanywa mara mbili: KAMATA ikachukua safari za mikoani, na Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, ikachukua mji. Wenye umri wa wazazi wetu bado wanayakumbuka yale Ikarus marefu kutoka Hungaria, yenye kiungo katikati kama kiuno, waliyoyabatiza "kumbakumba" kwa namna yalivyozoa watu.

Tatizo ni kwamba watu wenyewe walikuwa wanaongezeka haraka mno. Sensa ya 1967 iliwakuta wakazi wapatao 356,000 katika mkoa huu. Ya 1978 ikakuta 843,000. Hiyo ni miaka kumi na moja tu. Na ndani ya miaka hiyo hiyo mafuta yalipanda bei mwaka 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, halafu vita vya Kagera vikachota kilichobaki. Fedha za kigeni zikaadimika. Basi likiharibika pampu, pampu haipo nchini, na fedha ya kuiagiza haipo. Linavutwa hadi karakana, linasubiri, na baada ya muda linaanza kunyofolewa vipuri vya kutibu mengine. Mafuta yalibanwa hivi kwamba Jumapili baada ya saa 8 mchana gari binafsi halikuruhusiwa kutembea bila kibali. Saa kama ile niliyokaa mkekani nikila samaki, Ba'mkubwa alisema, barabara ungeweza kuanika mpunga.

Katika hali hiyo watu wanafanya nini? Wanatembea. Wanaamka saa 10 usiku kuwahi foleni. Na wenye vigari, pikapu, hata magari ya ofisi ambayo wenyewe hawajui yaliko, wanaanza kubeba abiria kimya kimya kwa nauli kubwa kuliko ya UDA. Ndizo zilizoitwa teksi bubu. Ilikuwa ni kosa kisheria, na kila mtu alipanda, wakiwemo waliopaswa kuwakamata.

Ba'mkubwa alikuja mjini mwaka 1981 kutoka Matombo, milima ya Uluguru, akiwa na miaka 17. Alifikia kwa mjomba wake Temeke. Akabeba mizigo Kariakoo, akauza maji, hadi jamaa mmoja mwenye pikapu akamchukua kumsaidia kukusanya nauli. Nyuma waliweka mabenchi mawili ya mbao, abiria wakikaa kwa kutazamana, magoti yanagusana. Magari ya namna ile yaliitwa "chai maharage". Kwa nini? Ba'mkubwa anasema mlikaa kama wateja wa mama ntilie asubuhi, kila mmoja anamtazama mwenzake anavyotafuna. Nimeipenda maelezo hiyo, naiacha kama alivyoisema.

Kisha ukaja mwaka 1983, na huo mwaka ndio niliorudi nyumbani kuusoma hadi usiku.

Mwaka huo serikali ilikubali yaishe. Watu binafsi waliruhusiwa kubeba abiria mjini, kwa kibali kupitia UDA. Nauli ikawa shilingi 5, ambayo kwa lugha ya mjini ilikuwa inaitwa dala. Makonda wakawa wanaita barabarani "dala! dala!", jina likakaa, na limekaa hadi leo wakati shilingi 5 hainunui hata pipi. Ba'mkubwa alikuwa miongoni mwa waitaji. Aliniigizia, pale mkekani, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Mama mkubwa akaziba uso kwa kanga akicheka.

Lakini mwaka huo huo, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, kulikuwa na msako wa wahujumu uchumi, na baada yake ikaja Sheria ya Nguvu Kazi. Ilitaka kila mwenye uwezo wa kufanya kazi awe na kazi inayotambulika. Asiye nayo ni mzururaji, arudishwe kijijini akalime. Wala halikuwa wazo jipya. Waingereza waliwakamata watu Dar es Salaam miaka ya 1940 na 1950 wakawarudisha makwao kwa jina la wahuni, na baada ya uhuru zoezi likarudiwa, mwaka 1976 likiitwa Operesheni Kupe. Hebu fikiria unaitwa kupe katika mji unaoubebea mizigo.

Sasa weka sheria mbili hizo katika kituo kimoja cha basi. Mwenye gari ana kibali. Gari lina kibali. Konda je? Konda ana sauti na mfuko wa sarafu. Hana mkataba, hana kitambulisho cha kazi, analipwa kilichobaki jioni baada ya hesabu ya mwenye gari kutimia.

Walimkuta kituoni asubuhi. Anakumbuka kwamba alikuwa bado ana nauli za tripu ya pili mkononi. Wakamwuliza kitambulisho, akawaonesha gari. Wakamwuliza tena kitambulisho. Akamwita mwenye gari, ambaye siku hiyo aliendesha mwenyewe. Yule bwana akateremka, akamtazama, akasema: "Simfahamu. Hawa vijana hudandia tu."

Ba'mkubwa alisimulia hapo bila kupandisha sauti. Aliniambia hamlaumu sana; mtu alikuwa na kibali cha wiki chache tu, ana watoto, anaogopa kuulizwa kwa nini kaajiri kienyeji. Mimi namlaumu. Nilimwambia hivyo, akatikisa kichwa tu.

"Zile nauli?" nikauliza.

"Alizichukua. Alinyoosha mkono, nikampa."

Walilala ndani usiku mmoja, kesho yake wakapandishwa lori hadi Morogoro, wengi wao rika lake. Mmoja alikuwa fundi viatu ameondoka na sindano yake mfukoni. Kijijini Matombo babu yangu alimpokea bila swali, akampa jembe. Lakini watu walinong'ona. Kurudishwa na lori la serikali hakukuwa na tofauti kubwa na kurudi kutoka jela, na ndiyo maana hakuna aliyetusimulia sisi watoto. Baba yangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tatu, alijua tu kwamba kaka alirudi "kulima".

Kuna jambo moja alilisema ambalo bado linanizungusha kichwa. Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, huko huko Morogoro. Matombo walisikia kwa Redio Tanzania. Ba'mkubwa alikuwa shambani, akaitwa, akaja, akakaa chini na kulia na wenzake. Nikamkatiza: Ba'mkubwa, si ndiyo serikali yake iliyokupandisha lori? Akanijibu kama vile swali ni la kitoto: "Ndiyo. Na alikuwa haibi." Nilikuwa na maswali mengine matatu, nikayaacha.

Mavuno yalipoisha akarudi mjini, safari hii bila kuaga. Ile pikapu aliiona Kariakoo, ina konda mwingine mlangoni. Akapanda, akalipa nauli, akashuka kituo cha pili. "Nilitaka nione kama atanijua." Alimjua, kwenye kioo. Hawakusema kitu. Alihangaika na makondakta wengine hadi mwaka 1990 alipopata mtaji wa vipuri, na huo ndio mwisho wa ukonda wake.

Mengine mnayajua. Alipoingia Mzee Mwinyi mwaka 1985 milango ikafunguliwa, magari yaliyotumika Japani yakamiminika, vipanya vikajaza barabara, DCM zikafuata, kisha Coaster, kila njia na mstari wake wa rangi ubavuni. Mei 2016 mwendokasi ukaanza Barabara ya Morogoro na daladala zikahamishwa hapo. Sensa ya 2022 ilitukuta 5,383,728 mkoani, na wengi wetu bado tunabebwa na gari la mtu binafsi.

Kilichonishtua niliposoma ni kisichobadilika. Mwenye gari anataka hesabu yake jioni, iwe mvua iwe foleni. Kinachozidi ndicho dereva na konda wanagawana. Akiumwa anamwachia deiwaka, ambaye naye hana lolote la kuonesha. Ukielewa hesabu unaelewa kwa nini gari linajazwa hadi mlango haufungi, kwa nini linageuzia njiani, kwa nini denti anaachwa. (Sijasema nimesamehe ile miaka sita.) Madereva na makonda wa mji huu waliunda chama chao, UWAMADAR, na moja ya walichodai ni mkataba wa maandishi. Mwaka 2015 madereva waligoma Aprili na tena Mei, abiria wakakwama stendi kuu nchi nzima, na kati ya madai yao lilikuwemo hilo hilo.

Jioni ile nilipoinuka kuaga, Ba'mkubwa akaniuliza kama gazetini wananilipa vizuri. Kwa ukoo mzima mimi ndiye msomi mwenye kazi ya ofisini. Mama hulitaja gazeti langu hata misibani. Nikasema namshukuru Mungu.

"Kitambulisho chako nikione."

Nikatoa. Akavaa miwani, akakisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Kina picha yangu, nembo, na chini maneno matatu: Mwandishi wa Kujitegemea. Maana yake ni kwamba nalipwa kwa habari iliyochapishwa. Isipochapishwa, nimeenda Bagamoyo na kurudi kwa nauli yangu. Mwaka wa tatu sasa, na mkataba nimekuwa nikiambiwa unaandaliwa. Sikuwa nimemwambia mtu nyumbani.

Alikisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyopo. Akanirudishia, akaingia ndani, akatoka na noti ya shilingi 5,000, akanikunjia kiganjani.

"Nauli," akasema.

Nikamwambia Ba'mkubwa ninayo. Akasema anajua ninayo.

Kituoni Tandika konda alikuwa kijana kama wa miaka 19, fulana ya Yanga, anaita Gerezani kwa sauti iliyokauka. Nilimpa ile noti, akanirudishia chenji ya sarafu tupu. Nilimwuliza jina, na tangu ameanza ni muda gani. Akanitazama juu hadi chini, akaangalia na mfuko wangu, akaniuliza kama mimi ni wa mapato.