Kadi ya kwanza ya mkopo: Mteja achunguze nini?

Mfanyakazi wa Thika au mfanyabiashara wa Ruiru anayetaka kununua bidhaa mtandaoni au kulipia tiketi ya ndege halazimiki kwenda Nairobi kutafuta kadi. Benki kubwa zina matawi katika miji yote miwili. Ugumu umo katika kuchagua.

Kwanza, atofautishe kadi mbili zinazofanana kwa sura. Kadi ya ATM hukata pesa zake mwenyewe zilizo katika akaunti. Kadi ya mkopo hutumia pesa za benki, naye huzirejesha baadaye. Anayenunua vitu vidogo mara mojamoja huenda asihitaji mkopo hata kidogo. Mnamo Juni 2022, Safaricom na Visa zilizindua M-Pesa GlobalPay, kadi ya simuni inayowalipa wauzaji wa ng'ambo kutoka salio la M-Pesa.

Safarini mambo hubadilika. Hoteli na kampuni za kukodisha magari huzuia kiasi fulani kama dhamana hadi mteja amalize shughuli. Akitumia kadi ya mkopo, kinachozuiwa ni sehemu ya kiwango alichoruhusiwa kukopa, wala si nauli yake ya kurudi nyumbani.

Kipindi kisicho na riba ndicho huwakanganya wengi. Benki hutangaza "hadi siku 50", na wateja husahau hilo neno "hadi". Tuseme hesabu hufungwa tarehe 25 na malipo hutakiwa tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Aliyenunua Machi 26 atalipa Mei 15, siku 50 baadaye. Aliyenunua Machi 24 atatakiwa kulipa Aprili 15, siku 22 tu.

Nafuu hiyo kwa kawaida ni ya anayelipa deni lote. Kwa deni la Sh40,000 na riba ya asilimia 3 kwa mwezi, riba ni Sh1,200. Anayelipa Sh4,000 pekee hupunguza deni kwa Sh2,800. Akitoa pesa taslimu kwa kadi hiyo, riba huanza kuhesabiwa mara moja, na ada juu yake.

Wenye mishahara huombwa hati za malipo. Wafanyabiashara huombwa taarifa za akaunti. Benki pia hukagua rekodi za CRB, na deni dogo la kadi lililopuuzwa laweza kumkosesha mtu mkopo wa kununua ploti kule Juja.

Aulize pia ada ya kila mwaka na ile ya kubadilisha sarafu. Muuzaji wa ng'ambo akimpa nafasi ya kulipa kwa shilingi, mara nyingi ni nafuu kukataa na kulipa kwa sarafu ya huko.

Jambo moja husahaulika hadi msafiri akwame ugenini: nambari ya kuidhinisha malipo ya mtandaoni mara nyingi hutumwa kwa SMS. Laini yake isipowezeshwa kutumika ng'ambo kabla ya kuondoka, ujumbe huo hautamfikia.